Na wasipocheka?

Binti aliingia chumba cha usaili akiwa ameshika karatasi ambayo hakuitazama hata mara moja. Kipande chake kilikuwa cha kuchekesha: mtu aliyejifungia nje usiku, anaubembeleza mlango kana kwamba mlango umenuna. Alikifanya vizuri. Sisi wa mezani tulikuwa tumechoka, tumeshaona vipande vingi tangu asubuhi, na bado tulicheka. Kisha likaja swali tunalomuuliza kila anayekuja: kwa nini unataka kuigiza?

"Nataka kuwapa watu furaha, kwa vichekesho na maigizo," akasema, jibu likiwa tayari mdomoni.

Mwenzetu mmoja, mama aliyekaa jukwaani kuliko sisi wengine wote, akavua miwani. "Na wasipocheka, mwanangu?"

Binti akafungua kinywa, akakifunga.

Halikuwa karipio. Yule mama huuliza hivyo anapotaka kujua kweli. Lakini binti alitutazama mmoja mmoja, akaishia kusema, "Nitajaribu tena, mama." Tukamshukuru, akatoka, akaitwa mwingine.

Swali sikuulizwa mimi, na mimi ndiye niliyeondoka nalo. Wiki zimepita na bado linanifuata: nikisoma miswada, nikitazama mazoezi, hata nikicheka kitu cha kipuuzi kwenye simu. Naandika haya ili nione kama litaniacha.

## Shaka niliyoitupa na shaka iliyobaki

Jibu la binti ni zuri, na nimelisikia kwa vijana wengi kiasi kwamba nilikuwa nimeacha kulisikia. Nilipolirudia kichwani, shaka mbili zilijitokeza.

Ya kwanza ni ya kijeuri kidogo: anayesema anataka kuwapa wengine furaha, je, hataki tu kupendwa? Hii niliitupa upesi. Bila shaka anataka kupendwa. Asiyetaka kupendwa hatakesha akikariri mistari, wala hatapanda mbele za watu asiowajua akavaa suruali iliyompwaya. Tukiwafukuza wote wanaotaka kupendwa, jukwaa litabaki na mafundi wa taa peke yao. Nao pia, tukiwachunguza sana, hatuna uhakika nao.

Shaka ya pili haikutupika. Je, furaha ni kitu cha kupewa?

## Kicheko ni cha nani

Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani, alitaka kuchunguza kicheko. Maabara ikamshinda. Ukimleta mtu, ukamkalisha, ukamwonyesha vichekesho huku unamwangalia, kicheko kinapotea. Basi yeye na wanafunzi wake wakatoka, wakaenda kusikiliza watu madukani na kwenye viwanja vya vyuo, wakiandika nani kasema nini kabla ya kicheko kutokea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1993 yalijengwa juu ya vicheko 1,200.

Kati ya hivyo, asilimia 10 hadi 20 tu ndivyo vilivyofuata kitu kinachoweza kuitwa mzaha. Vilivyobaki vilifuata maneno ya kawaida kabisa, ya kuagana na kuulizana habari. Aliyezungumza alicheka kuliko aliyesikiliza. Na katika kazi yake nyingine Provine aliona kuwa mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake.

Kijana aliyekesha akinoa mizaha yake anaweza kuvunjika moyo hapa. Watu wanacheka bila yeye! Mimi nimeanza kuyasoma matokeo haya kinyume. Waliokuja ukumbini wamekuja na kicheko chao. Kimo ndani yao, kimezoea kutoka wakiwa pamoja. Anachoweza mwigizaji ni kukipa sababu na nafasi.

Watu wa jukwaa wanalijua hili bila kusoma utafiti wowote. Ukumbi ukiwa na watu wachache waliotawanyika, kila mmoja na safu yake, igizo lile lile lililovunja mbavu jana linakuwa kama hotuba ya msibani. Wasogeze mbele, waketi bega kwa bega, na kabla hujabadilisha hata neno moja kicheko kinarudi. Henri Bergson, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliandika mwaka 1900 kwamba kicheko kinahitaji mwangwi. Kumbi za Paris katika karne ya 19 zilikuwa zimeshaifanya hoja hiyo kuwa ajira: walikuwepo watu waliolipwa kukaa katikati ya hadhira wapige makofi, na miongoni mwao wengine kazi yao ilikuwa kucheka tu, kwa sauti, pale panapotakiwa. Katika miaka ya 1950 fundi wa sauti wa Marekani, Charley Douglass, akatengeneza mashine yenye vitufe iliyotoa vicheko vilivyorekodiwa, ili anayetazama televisheni sebuleni asijione yuko peke yake.

Nakichukia kicheko cha mashine. Na kikilia, nacheka.

Kwa hiyo wanaocheka ndio wanaopeana kicheko wao kwa wao. Aliye mbele yao anafanya nini basi? Hapo ndipo nilipokwama kwa siku kadhaa, mpaka nikakumbuka kisa cha mtoto na sarafu.

## Sarafu sakafuni

Charlie Chaplin alikisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1964, akiwa mzee. Kumbukumbu za wachekeshaji huwa zinaongezwa chumvi, na hii huenda imeongezwa, ila mtu akichagua chumvi ya namna hii nayo inasema jambo.

Ilikuwa mwaka 1894, katika ukumbi wa Aldershot, Uingereza, uliojaa wanajeshi wasio na subira. Mama yake, Hannah, alikuwa mwimbaji. Sauti ikamkatika katikati ya wimbo, ikabaki mnong'ono. Askari wakaanza kuzomea na kumwigiza kwa sauti nyembamba, hadi akatoka jukwaani. Msimamizi, ambaye aliwahi kumwona mtoto akiwachekesha rafiki za mama yake, akamshika mkono Charlie wa miaka 5, akampandisha, akasema maneno mawili matatu ya kumtambulisha, akamwacha pale peke yake.

Mtoto akaimba. Kabla hajafika nusu ya wimbo, sarafu zikaanza kunyesha jukwaani. Akanyamaza, akawatangazia kwamba ataokota pesa kwanza, kisha ndio aendelee kuimba. Ukumbi ukaangua kicheko. Msimamizi akaja na kitambaa kumsaidia kuziokota, na mtoto akaingiwa na wasiwasi kwamba yule bwana anataka kuzichukua ziwe zake. Wasiwasi ule ukaonekana, watu wakazidi kucheka, hasa msimamizi alipoondoka na mzigo na mtoto akamfuata nyuma hatua kwa hatua, asimwache. Hakurudi kuimba mpaka alipoona pesa zimefika mikononi mwa mama yake.

Kilichonishika ni kwamba mtoto yule hakutaka kumchekesha mtu yeyote. Alitaka pesa zile. Alizitaka kwa moyo wake wote, kwa hesabu zake zote za kitoto, mbele ya watu walioweza kuona kila wazo likipita usoni mwake.

Kisa hakikuishia hapo, na sehemu inayofuata ndiyo iliyonisumbua zaidi. Aliporudi jukwaani alicheza, akaigiza watu, na akaimba wimbo mmoja wa mama yake. Alipofika kwenye kiitikio akaiga pia sauti ilivyomkatika. Anasema alifanya hivyo bila ubaya wowote, akashangaa jinsi ukumbi ulivyolipuka. Mama alikuwa pembeni. Kwa maelezo ya Chaplin, usiku ule ulikuwa wa kwanza kwake jukwaani na wa mwisho kwa mama yake.

Nimejaribu kumweka yule mama pale pembeni na kumuuliza kama amepewa furaha. Nadhani, kwa namna fulani, ndiyo: mtoto ameokoa usiku, pesa zipo, na alipotoka kumchukua mwanawe watu walimpigia makofi makubwa. Na kwa namna nyingine, ukumbi mzima umecheka tena kitu kile kile kilichomtoa jukwaani. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na sioni njia ya kuyapatanisha.

Bergson alisema pia kwamba ili tucheke, moyo sharti ufe ganzi kwa muda kidogo. Na Aristotle, katika machache aliyotuachia kuhusu komedi, alisema cha kuchekesha ni kosa au ubaya wa sura usioleta maumivu wala madhara. Akatoa mfano wa kinyago cha komedi, ambacho kimepinda na ni kibaya, ila hakiumwi. Ukiwasoma pamoja unaona hatari ilipo. Hadhira iliyokufa ganzi haina uwezo wa kujua kama kinyago kile kinaumwa. Wa kujua ni aliyekivaa, au aliyeandika mstari, au mwongozaji aliyeuacha ubaki kwa sababu "unafanya kazi".

## Omba chai

Kuna kisa kinachosimuliwa sana na waigizaji kuhusu Alfred Lunt na mkewe Lynn Fontanne, wenzi wa Marekani walioigiza pamoja kwa miongo mingi. Inasemekana katika igizo moja Lunt alikuwa na mstari wa kuomba kikombe cha chai, na kila usiku watu walicheka. Siku moja kicheko hakikuja. Usiku uliofuata pia hakikuja. Akabadili sauti, akabadili mkao, wapi. Mwishowe akamuuliza mkewe amekosea nini. Akajibiwa kwamba siku hizi anaomba kicheko, ilhali zamani alikuwa akiomba chai.

Sijui njia fupi zaidi ya kueleza kazi hii. Charlie wa miaka 5 aliomba sarafu zake. Lunt, alipokuwa sawa, aliomba chai. Binti wetu wa mlango uliofungwa alituchekesha kwa sababu kwa dakika zile alitaka kuingia ndani na si kitu kingine. Ile furaha aliyoitaja baadaye haikuwepo kabisa kwenye kipande chake, na ndiyo maana kipande kilifaulu.

Hapa nilifikia, kwa wiki moja hivi, uamuzi mkali: kwamba tumaini la kuwapa watu furaha ni zuri likiachwa nyuma ya pazia, na ni sumu likipanda jukwaani. Mwigizaji anayelibeba mpaka mbele za watu anaanza kuchungulia. Sentensi inatoka na jicho linaikimbilia kuona imepokelewaje. Anatabasamu kabla ya wakati. Anarefusha ukimya ili wajue kwamba hapa ndipo pa kucheka. Hadhira inanusa hilo kwa upesi wa ajabu, na inakunja mikono.

Ila uamuzi wangu haukuwatendea haki wote, kwa sababu binti alitaja vitu viwili kwa pumzi moja, vichekesho na maigizo, na hivi viwili vinatofautiana hapo hasa. Mchekeshaji anayesimama peke yake na kipaza sauti hana chai ya kuomba. Anasimama kama yeye, au kama mtu anayefanana naye, na kila baada ya sekunde chache ukumbi unatoa hukumu. Kwake ukimya ni ukimya. Mwigizaji wa komedi ana ukuta: yuko mhusika, uko mlango, yuko mke ndani, kipo kisa kinachotaka kusonga. Watu wasipocheka kwenye mstari huu, mhusika bado yuko nje na baridi bado ni ile ile. Huenda wamekaa kimya kwa kuwa wanasikiliza. Nimeona usiku ambao hadhira haikucheka mpaka karibu na mwisho, na waliotoka walitoka wakizungumza kwa sauti, wakishikana mabega.

Kwa hiyo kwa mwigizaji, "wasipocheka" ana la kufanya: anaendelea kutaka anachokitaka. Kwa mchekeshaji wa peke yake jibu ni gumu zaidi, na mimi si mmoja wao, sitawafundisha kazi.

## Waliposhindwa

Jacques Lecoq alifungua shule yake ya maigizo Paris mwaka 1956. Katika miaka ya 1960 alianza kuchunguza wacheshi wa sarakasi, wale wa pua nyekundu. Zoezi lake la mwanzo, kama alivyolieleza mwenyewe, lilikuwa rahisi: wanafunzi waliketi duara, kila mmoja akaingia katikati na kujaribu kuwachekesha wengine. Ikawa balaa. Walianguka, waliruka, walicheza na maneno, kila mtu na mbinu kali kuliko mwenzake, na hakuna aliyecheka. Zoezi likaanza kutia uchungu. Mmoja mmoja wakakata tamaa, wakarudi kuketi, wamekasirika na kuona haya.

Hapo ndipo wenzao walipoanza kucheka. Walimwona mtu mwenyewe, bila mbinu, akirudi kitini na aibu yake.

Lecoq akajenga somo zima juu ya udhaifu huo. Pua nyekundu, aliyoiita kinyago kidogo kuliko vyote duniani, ikawa kifaa cha kumfichua anayeivaa. Ninavyolielewa, somo halikusema "shindwa makusudi", kwani anayeshindwa makusudi anaomba kicheko tena kwa mlango wa nyuma. Mwanafunzi alitakiwa kujaribu kweli, na kuonekana kweli isipowezekana.

Nikiwa nafikiri juu ya duara lile, nilikumbuka jibu la binti, "Nitajaribu tena, mama," na kinywa chake kilichofunguka na kufungwa. Pale mezani tulikiona kama kutojua. Siku hizi sina hakika. Inawezekana ilikuwa sekunde ya kuchekesha kuliko zote alizotupa asubuhi ile, na hakuna aliyethubutu kucheka kwa sababu usaili ulikuwa umekwisha.

## Mshahara wa wengine

Watu wanapenda kusimulia juu ya mgonjwa mwenye huzuni aliyekwenda kwa daktari, akashauriwa akamtazame mchekeshaji maarufu wa mjini, akajibu, "Ndiye mimi." Kisa hicho kinasimuliwa juu ya Joseph Grimaldi, mcheshi wa London, na juu ya wengine pia. Sikipendi. Kinatufanya tuamini kwamba anayechekesha lazima awe anaoza ndani, na vijana wanaokisikia huanza kuitunza huzuni yao kana kwamba ni sehemu ya mafunzo.

Kisa cha Molière, mwandishi na mwigizaji wa komedi wa Ufaransa, nakipenda zaidi, ingawa ni cha kifo. Tarehe 17 Februari 1673, katika ukumbi wa Palais-Royal, Paris, alikuwa akiigiza mtu mzima wa afya anayejidhania mgonjwa, huku yeye mwenyewe akiwa mgonjwa kweli. Akazidiwa jukwaani, akamaliza igizo, akafa usiku ule nyumbani kwake. Mwandishi wa wasifu wake, Grimarest, mwaka 1705 alisimulia kwamba siku ile walimsihi apumzike, naye akasema kuna maskini hamsini wanaoishi kwa ujira wa siku. Watafanya nini yeye asipoigiza?

Mafundi wa mishumaa, washona nguo, wabeba mandhari, wakata tiketi. Tunaposema "kuwapa watu furaha" huwa tunatazama upande mmoja tu, ule wa viti. Hakuna kijana aliyewahi kutuambia kwenye usaili kwamba anataka kuigiza ili fundi wa taa alipwe, na ningependa sana kumpata mmoja.

## Wanaobisha hodi

Mahali nilipoona tumaini la binti likifanya kazi waziwazi, bila kulificha nyuma ya pazia, ni hospitalini. Michael Christensen, mcheshi wa sarakasi ya Big Apple Circus ya New York, alianzisha mwaka 1986 mpango wa kupeleka wacheshi katika wodi za watoto, na kazi hiyo imeenea nchi nyingi tangu hapo. Wanaoifanya kwa makini husimama mlangoni na kubisha hodi. Mtoto akisema hapana, hawaingii. Kwa mtoto aliyelala pale, ambaye hawezi kumkataa mwenye sindano wala mwenye dawa chungu, huyu wa pua nyekundu huenda ndiye mgeni pekee wa siku nzima anayeweza kufukuzwa.

Nikasoma pia utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2005, wa watoto 40 wenye umri wa miaka 5 hadi 12 waliokuwa wakienda kupasuliwa. Nusu yao walisindikizwa na mzazi pamoja na wacheshi wakati wa kupewa dawa ya usingizi. Nusu nyingine walikuwa na mzazi bila wacheshi. Waliokuwa na wacheshi walionyesha hofu ndogo zaidi, na tofauti haikuwa ya kubahatisha. Wahudumu wa afya walipoulizwa walikubali kwamba wacheshi wanamsaidia mtoto. Kisha wengi wao wakapinga mpango usiendelee, kwa sababu wacheshi wanavuruga utaratibu wa chumba cha upasuaji.

Niliposoma mstari huo wa mwisho nilicheka peke yangu, kinyume cha hesabu zote za Provine. Ningekuwa mwandishi wa komedi ningeianzia hapo hapo: mcheshi, mtoto, mzazi na daktari wa usingizi, wote kwenye chumba kimoja kidogo, saa inasonga. Na mistari mizuri ningempa daktari. Yeye ndiye pekee mle ndani mwenye kitu anachokitaka kwa dhati: kila mtu asogee pembeni, mtoto alale, wafunge mlango.